Nyumbu Hawakuwapo Siku Niliyokwenda

(Hotuba ya mwanachama wetu, afisa wanyamapori mstaafu, aliyoitoa ukumbini mwa shule siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, kabla ya wajumbe kupiga kura juu ya pendekezo la shamba. Tunaichapa kama alivyoisoma.)

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, walimu, wazee wenzangu tuliosoma hapa, na ninyi vijana wa Kidato cha Tano na cha Sita mlioruhusiwa kuketi nyuma kwa sharti la kutopiga kelele:

Nashukuru kwa heshima hii. Ndugu Katibu aliponiandikia alinitaka niseme maneno machache juu ya wanyamapori, kwa kuwa ndiyo kazi iliyonilisha miaka karibu 40. Nilimjibu kwamba afisa mstaafu hana maneno machache. Akanijibu kwamba chakula kitapakuliwa saa saba kamili, iwe nimemaliza au sijamaliza. Basi nitajitahidi.

Ukumbi huu, kwa wale wasiojua, ndio uliokuwa bwalo letu. Pale alipojisimamisha mpiga picha ndipo pipa la uji lilipokuwa likikaa, na wenzangu wa miaka ile wanajua kwamba mtu akichelewa kengele ya pili alikuta ukoko tu. Nilichelewa mara nyingi. Nasema hili ili vijana wasije wakadhani kwamba anayesimama mbele yao alikuwa mwanafunzi wa mfano.

Mwaka 1970 nilikuwa Kidato cha Tatu. Mwaka huo Tarangire, iliyokuwa pori la akiba tangu 1957, ilifanywa Hifadhi ya Taifa, na mwalimu wetu wa Bayolojia akaona ni vema tukaione. Tulipakiwa kwenye lori la shule mwezi wa Agosti, tukala vumbi siku nzima, na jioni tukafika kwenye mto. Sijasahau mpaka leo. Kiangazi kilikuwa kimekaza, maji yalikuwa mto ule tu, na nchi nzima ilikuwa imekuja kunywa. Nyumbu, pundamilia, tembo, nyati, pofu, twiga, kila mmoja anamsukuma mwenzake, sawa na sisi kwenye pipa la uji. Tukapiga kelele za furaha. Mwalimu akatunyamazisha, akauliza swali moja: "Mvua zikinyesha, hawa wote wanakwenda wapi?" Hapana aliyejibu. Yeye mwenyewe akasema hajui vizuri, bali swali tuliandike kwenye madaftari.

Nililiandika, Ndugu Mwenyekiti. Halafu nikalisahau kwa miaka 14.

Sasa nitawaeleza jambo ambalo sijapata kulieleza mbele ya watu. Mke wangu analijua, na labda mmoja au wawili waliofanya kazi nami.

Baada ya shule nilipata mafunzo Mweka, chuo kilichoanzishwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na baadaye nikapangiwa kazi katika wilaya moja ambayo sitaitaja. Mwaka 1984 yaliletwa ofisini maombi ya shamba kubwa la maharage, katika uwanda wa nyasi mashariki ya hifadhi. Mkubwa wangu akaniambia niende nikakague, nione kama kuna wanyama watakaosumbuliwa. Nilichukua Land Rover na askari mmoja, nikaenda mwezi wa Agosti. Tulizunguka siku mbili. Tuliona mbuni wanne, bweha mmoja, na vumbi. Nyasi zilikuwa zimeliwa mpaka shinani, na hakukuwa na tone la maji.

Pale kwenye boma tulipolala, mzee mmoja wa Kimaasai aliniuliza nimekuja kutafuta nini. Nikamwambia nahesabu wanyama. Akacheka sana. Akasema, "Kijana wangu, umefika kwa watu siku ambayo wenyewe wamesafiri." Mimi nikadhani ananitania. Nilikuwa na cheti, nilikuwa na gari la serikali, na yeye alikuwa na fimbo. Nikarudi ofisini nikaandika kwamba eneo hilo halina wanyama wa kutajika na hakuna pingamizi la kitaalamu.

Msinielewe vibaya. Sikupewa rushwa. Sikupewa hata soda. Nilikuwa na haraka, fomu ilikuwa na nafasi ya mistari mitatu tu, na sikumwuliza yule mzee swali la pili. Ningekuwa nimehongwa labda leo ningepata mtu wa kugawana naye lawama.

Shamba likalimwa. Februari iliyofuata nilipita njia ile kwa shughuli nyingine, na ndipo nilipolipata jibu la swali la mwalimu wetu. Uwanda wote ulikuwa kijani, na nyumbu walikuwa wamejaa mpaka upeo wa macho, na kila jike ana ndama. Mbele yao palikuwa na ardhi nyeusi iliyotifuliwa na matrekta, na ukingoni mwake vijana wenye mbwa na madebe ya kupigwa. Nyumbu walisimama. Wa mbele walikuwa wanataka kurudi na wa nyuma wanawasukuma. Niliwatazama kiasi cha nusu saa, kisha nikamwambia dereva twende.

Wataalamu walikuwa wamekwisha kuliona jambo hili zamani, na aibu yangu ni kubwa zaidi kwa sababu aliyeliona ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa chuo nilichosoma. Hugh Lamprey aliwahesabu wanyama wa Tarangire kabla sisi hatujaingia sekondari, akachapisha kazi yake mwaka 1964, akaonyesha njia wanazozifuata mvua zikianza: nyingine kwenda uwanda wa Simanjiro, nyingine kwenda kaskazini kupita Kwakuchinja kuelekea Ziwa Manyara na mbele zaidi. Hifadhi yenyewe ni kilomita za mraba 2,850. Nchi wanayoitumia wanyama wale kwa mwaka mzima ni kiasi cha kilomita za mraba 20,000. Kwa hiyo mwenye kuilinda hifadhi peke yake ni kama mtu aliyeweka mlinzi jikoni akaacha nyumba nzima wazi.

Vijana wataniuliza, kwani kwenye hifadhi mvua hainyeshi? Inanyesha, na majani yanaota marefu mpaka yanamficha mtu. Lakini udongo na majani havifanani kila mahali. Nyasi fupi za Simanjiro zina fosforasi na protini ambazo jike anayenyonyesha hazipati za kutosha katika majani marefu ya mtoni. Anakwenda kule kujifungua kwa sababu kule ndiko maziwa yanakotoka. Isitoshe, katika nyasi fupi simba anaonekana kutoka mbali. Nyumbu anayajua hayo bila cheti. (Naona vijana wa siku hizi wamelifanya jina la nyumbu kuwa tusi, la kumtukana mtu anayefuata mkumbo. Nawaomba mnyama huyu mumwache. Yeye anajua anakokwenda.)

Mwaka 1988 nyumbu waliohesabiwa katika nchi ile ya Tarangire na Simanjiro walizidi 40,000. Mwaka 2001 hawakufika 10,000. Mashamba hayakuwa sababu peke yake, maana ujangili wa nyama ulikuwapo, na uwindaji, na ukame. Lakini njia kadhaa zilizochorwa na Lamprey zilikuwa zimekwisha kuzibwa kwa mashamba na makazi, na mnyama asiyefika anakozalia hana cha kuhesabiwa. Sijui ni ndama wangapi waliokufa kwa mistari yangu mitatu. Hakuna awezaye kujua.

Ningependa kusema neno juu ya wafugaji, kwa sababu idara niliyoitumikia haikuwatendea haki sikuzote, na mimi nilikuwa mmoja wa idara hiyo. Tuliwaona kama wavamizi. Tulikuwa tunasahau kwamba hifadhi ilipotangazwa mwaka ule wa 1970 sisi tuliokwenda na lori tulipata mahali pa kutembelea, na wao walipoteza maji na malisho ya kiangazi. Uwanda wa Simanjiro ulibaki wazi si kwa sababu ya kazi yangu bali kwa sababu wao hawakuulima. Na haukuwa mzigo mwepesi. Nyumbu anapozaa, ndama wake hubeba ugonjwa ambao haumdhuru yeye ila unaua ng'ombe, unaotoka kwenye makamasi na machozi yake. Kwa hiyo katika miezi ileile nyasi zinapokuwa nzuri kuliko zote, mfugaji inambidi awaondoe ng'ombe wake, awapishe nyumbu, awapeleke kwenye majani mabaya. Nani kati yetu angempisha jirani sebuleni miezi mitatu kila mwaka bila kulipwa?

Hata hivyo baadaye vijiji kadhaa vilianza kulima, na nilipochunguza sababu nilishangaa. Wengine walilima kwa njaa, hilo linaeleweka, maana ng'ombe wamepungua kwa kila kaya na mahindi lazima yanunuliwe. Lakini wengine waliniambia waziwazi: wanalima ili ardhi ionekane ina mwenyewe. Waliona kwamba ardhi yenye jembe inaheshimiwa na ardhi yenye ng'ombe na nyumbu huitwa tupu, akaja mkubwa wa mjini akapewa, au ikageuzwa hifadhi wakafukuzwa. Na neno "tupu" walilitoa wapi? Lilikuwa kwenye taarifa kama yangu.

Katikati ya miaka ya 2000 kijiji cha Terrat kilijaribu jambo jingine. Kampuni kadhaa za utalii ziliungana, zikafanya mkataba na kijiji kukilipa kila mwaka ili sehemu ya uwanda isilimwe wala isijengwe nyumba, bali wachunge kama kawaida yao, na vijana wa kijiji wakaajiriwa kuwa walinzi. Fedha zenyewe si nyingi. Nilichokipenda ni kwamba hawakuambiwa waondoke. Baadaye vijiji vingine katika nchi ile vikapata hati za kimila za pamoja kwa ajili ya malisho, ili asije mtu kuyakata vipande. Sisemi kwamba mambo yote yamenyooka. Tembo bado wanaingia mashambani usiku, na kifuta jasho cha serikali huchelewa na hakilingani na gunia zilizopotea. Mtu aliyeliwa mahindi yote usiku mmoja usimweleze habari za fosforasi.

Sasa nafika mahali ambapo baadhi yenu mlijua nitafika.

Kamati yetu ya Mfuko imeleta pendekezo kwamba Umoja wetu ununue shamba la ekari 400, tulime maharage na alizeti, na faida iingie kwenye Mfuko wa wanafunzi. Mmeziona karatasi. Bei ni ya chini kuliko bei ya shamba lolote mtakaloonyeshwa mkoani humu. Niliitazama ramani iliyoambatishwa, nikaitazama tena nikiwa nimevaa miwani. Shamba hilo lipo juu ya mapito ya wanyama, kati ya hifadhi na uwanda. Silo lile la 1984, lakini ni njia ileile, na ndiyo maana bei yake ni ile.

Naijua hoja ya Ndugu Mweka Hazina, na naiheshimu. Ada imefutwa, Kidato cha Kwanza mpaka cha Nne tangu 2016 na cha Tano na Sita tangu 2022, lakini mtoto wa bweni bado anahitaji godoro, sare, nauli, madaftari, na michango mingine ambayo mzazi mjane wa kijijini haiwezi. Mwaka jana tuliwasaidia wanafunzi 14, na walioomba walikuwa 51. Mimi mwenyewe nimekaa kwenye kamati ya kuchagua. Kuwakatia watoto 37 si kazi ya kumpa rafiki. Shamba likizaa vizuri tungeweza kuwasaidia wengi zaidi, na sitasimama hapa nikadai kwamba nyumbu ni bora kuliko mtoto wa mtu. Ninachodai ni kwamba karatasi zile hazikueleza mambo yote.

Kwanza, ardhi ile ni ya nani? Kwa sheria zetu za 1999 ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi. Ile ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, lakini Halmashauri haiwezi kumgawia mtu bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kukubali kwanza. Nimetafuta kwenye karatasi zetu muhtasari wa mkutano huo. Nimekuta barua ya dalali, risiti, na picha ya trekta. Muhtasari sikuuona. Na tangu 2018 zipo kanuni za shoroba za wanyamapori, ambazo zinampa Waziri uwezo wa kutangaza mapito kama hayo na kuzuia shughuli ndani yake. Dalali anazijua. Anayeuza kwa haraka mara nyingi amesoma gazeti kabla ya mnunuzi.

Halafu kuna mvua. Ukame ulioanza 2021 uliua makumi ya maelfu ya mifugo Simanjiro mpaka mwanzoni mwa 2022. Mahesabu ya Kamati yamechukua gunia kwa ekari kana kwamba kila mwaka ni mwaka mzuri. Mimi nimekaa kule. Katika miaka mitano utapata miwili ya kufurahi, na katika hiyo miwili tembo nao watakuwa wamefurahi.

Rafiki yangu mmoja, tuliyelala kitanda kimoja cha ghorofa yeye juu mimi chini, aliniambia jana jioni: "Mzee, ekari 400 katika nchi kubwa namna ile zitazuia nini? Na sisi tusiponunua si atanunua mwingine?" Ni maswali mazuri. La kwanza namjibu hivi. Kila aliyelima njiani mwa nyumbu alisema hivyohivyo, na mlango wa nyumba hauzibwi kwa ukubwa wa kiti bali kwa mahali kilipowekwa. La pili sina jibu la kumridhisha. Huenda akanunua mwingine. Nilipokuwa kazini niliona viwanja vikinunuliwa na watu ambao hata ramani hawajapata kuiona. Lakini sisi tumeiona.

Napendekeza hivi. Fedha zilizokusanywa tuziweke kwenye hati fungani za serikali. Nimekaa na Ndugu Mweka Hazina tukapiga hesabu, na kwa uungwana wake alikubali kunisaidia ingawa hakubaliani nami. Riba itatuwezesha kuwasaidia wanafunzi 19. Shamba, kwa mahesabu ya Kamati, lingewasaidia 40. Nasema wazi ili asije mtu kesho akasema niliwaficha. Tofauti ni watoto 21 kwa mwaka mzuri, na kwa mwaka mbaya shamba halimsaidii hata mmoja na deni la trekta linabaki. Mimi kwa pensheni yangu nitamchukua mmoja mpaka amalize Kidato cha Sita, na jina langu nimeliandika kwenye daftari lililoko mlangoni. Daftari lina kurasa nyingi.

Pia naomba Katibu aandike barua kwa Halmashauri ya kijiji kile kuuliza kama Mkutano Mkuu ulikaa. Huenda wanakijiji hawajui kwamba ardhi yao iko sokoni. Ikiwa wanajua na wamekubali kwa hiari yao, basi mimi nitakuwa nimekosea mara ya pili katika nchi ileile, na nitakubali. Safari hii angalau nitakuwa nimeuliza.

Nilirudi kule mwaka juzi, mwezi wa Februari. Nilikwenda kulitafuta boma la yule mzee. Amekwisha kufariki siku nyingi, lakini mjukuu wake yupo, ni mwalimu wa shule ya msingi. Alinipeleka juu ya kilima kidogo asubuhi na mapema. Nyumbu walikuwapo. Si kama 1985, labda nilihesabu mia sita, ila walikuwa na ndama, na ng'ombe wa kijiji walikuwa wamehamishiwa upande wa pili wa korongo kuwapisha. Nikamweleza yule mwalimu habari za babu yake na fimbo yake. Akaniuliza taarifa yangu iko wapi. Nikamwambia labda bado iko kwenye faili. Akasema afadhali ningeenda nikaisahihishe.

Nilikwenda. Karani alinitafutia siku mbili nzima, na faili halikuonekana. Kwa hiyo nimeandika barua mpya ya kurasa nne, na nakala yake nimempa Ndugu Katibu kwa kumbukumbu za Umoja huu. Mwezi wa ukaguzi nimeuandika kwenye mstari wa kwanza.

Ndugu Mwenyekiti, nasikia masufuria. Nipo tayari kwa maswali, hasa ya Ndugu Mweka Hazina, ambaye namwona ameshika kalamu tangu nilipotaja trekta.